Kodi Zilizonyambuliwa: Mpiga Kinanda wa Ifakara Kama Msomaji wa Wimbo

Chukua kitenzi imba. Mzizi wake ni -imb-. Ongeza -i- unapata imbia: tayari kuna mtu anayeimbiwa. Weka -ish- unapata imbisha: kuna mtu anayewafanya wengine waimbe. Weka na -an-, imbishana, na sasa watu wanasukumana kuimba, huyu akimchokoza yule. Mzizi haujasogea. Aliyekaa darasani anajua hiki kinaitwa mnyambuliko, na anajua pia sheria ambayo mwalimu hahitaji kuiandika ubaoni, kwamba kila kiambishi kinachoingia kina kazi yake. Hakuna mtu anayesema imbishianishana ili aonekane anajua Kiswahili. Akisema, tunacheka.

Nimeanza na sarufi ingawa ninachotaka kukijadili ni kinanda, kwa sababu sijapata neno zuri zaidi la Kiswahili kwa zile kodi ambazo vijana wetu wa kwaya wanazipenda siku hizi kuliko chai. (Kodi ya muziki, ndugu msomaji, si ile ya TRA, ingawa kwa baadhi ya kwaya nazo ni mzigo vilevile.) Ninazungumzia meja-saba, meja-tisa, sita-tisa, meja kumi na tatu. Wenyewe huziita kodi nzito, au kodi za kuabudu. Mimi naziita kodi zilizonyambuliwa, na ninataka kuzihukumu kwa sheria ileile ya kitenzi: imeongezwa nini, na inafanya kazi gani?

Kwa asiyewahi kugusa kinanda, mambo yako hivi. Do, mi na so zikipigwa pamoja zinatoa kodi ya meja. Kwenye ufunguo wa C ni C, E na G. Huo ndio mzizi. Ukiangalia vizuri utaona tumechukua nota moja, tukaruka moja, tukachukua nyingine. Endelea na mchezo huohuo. Ruka la, chukua ti: hiyo ni meja-saba. Ruka do, chukua re ya juu: meja-tisa, kwa sababu ukihesabu kutoka do ya chini, re hiyo ni ya tisa. Ruka mi, chukua fa, umefika kumi na moja. Ruka so, chukua la, kumi na tatu. Ukitaka kuruka ti uchukue inayofuata utajikuta umerudi do, kwa hiyo safari imeishia hapo. Nota zote saba za skeli zimeingia kwenye kodi moja.

Na hapo ndipo watu wengi wanapokata tamaa, kwa sababu vidole havitoshi na kinanda chenyewe kinanguruma. Ujanja wa wapigaji ni kutoziwaza nota saba kama nota saba. Mkono wa kushoto shika C peke yake. Mkono wa kulia piga kodi ya E maina: E, G, B. Umeshapata C meja-saba bila kuhesabu chochote. Ongeza D juu, ni meja-tisa. Ukiiacha C chini na kupiga D, F shapu na A mkono wa kulia, umepata zile nota za mwisho kabisa, kumi na moja ikiwa imepandishwa nusu toni ili isigombane na mi. Yaani kila kodi iliyonyambuliwa ni kodi ndogo iliyobebwa mgongoni na besi ngeni. Ukishalielewa hilo, mwezi mmoja unatosha kuzipata kwenye funguo zote kumi na mbili.

Vidole vikizidi kukosekana, so inaachwa. Ndiyo nota ya kwanza kutolewa kafara, maana sikio linaijaza lenyewe. Hapa Ifakara, mji ambao dunia ya sayansi inaujua kwa mbu kuliko kwa kitu kingine, naomba niruhusiwe kuchepuka kidogo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kwamba mbu dume na jike wa aina ya Aedes aegypti wanapokutana huoanisha sauti za mabawa yao. Jike ana mtetemo wa kama 400 kwa sekunde, dume kama 600. Mbili kwa tatu. Huo ni umbali wa do na so. Kama mbu anaijua so bila kinanda, mwanakwaya hawezi kuikosa. Iache.

Tatizo langu halianzii kwenye vidole. Vijana wa bonde hili, kutoka Mang'ula hadi Mlimba, wana vidole vizuri mno. Nimekuwa nikizisikiliza kwaya za huku kwa karibu miaka miwili, mara nyingine kwa kazi ya uandishi, mara nyingi kwa kupenda tu, na kila mahali nimekuta kijana mmoja mwenye simu, bando la usiku, na kinanda cha funguo 61 kilichonunuliwa kwa michango ya jumuiya baada ya mavuno ya mpunga. Piano yenyewe, ile ya mbao na nyaya, sijaiona kanisani huku. Kijana amejifunza kutoka kwa wapigaji wa Lagos, Johannesburg na Atlanta, na kutoka kwa rekodi za waabudishaji wa kwetu kama Joel Lwaga na Paul Clement. Hana cheti. Ana masikio. Anapiga Jumapili kanisani, Jumamosi kwenye send-off, na anarudi nyumbani na nauli na chenji kidogo. Ukimwambia aache kodi nzito unamwambia aache kitu pekee ambacho hakuna mwalimu aliyempa, amekichimba mwenyewe. Siko tayari kumwambia hivyo, na anayemwambia hivyo sidhani kama amesikiliza.

Ninachomwambia ni kwamba yeye ni msomaji. Kwenye blogu kama hii tunapenda kusema kwamba kila tafsiri ni usomaji, kwamba anayeghani utenzi anaufasiri kwa kupumua tu. Mpiga kinanda anafanya hivyohivyo, tena mbele ya watu mia tano ambao hawana nafasi ya kumpinga. Kabla mtu hajasikia neno la kwanza la wimbo, kodi imeshamwambia alisikieje. Kodi ya meja tupu inasema: jambo hili liko wazi. Ukiongeza ti inasema: liko wazi, lakini kuna kitu kinauma. Ukiongeza re: kuna nafasi, kuna upepo. La inaleta ukaribu, kama mtu aliyeketi mkekani. Sasa fikiria msomaji wa mashairi ambaye kila mstari, uwe wa kilio au wa bei ya sukari, anausoma kwa sauti ileile ya kutetemeka. Ndivyo zinavyosikika nyimbo nyingi za sasa. Gloria ina meja-tisa. Wimbo wa sadaka una meja-tisa. Toba, Mungu atusamehe, nayo ina meja-tisa. Wenyewe wanasema, "Ni rangi tu hiyo." Sawa, lakini ukuta uliopakwa rangi kumi hauna rangi yoyote.

Lakini huo ni upungufu wa ladha tu, na ladha haijawahi kumtoa mtu kwenye kwaya. Kuna kingine kizito zaidi. Neno la mwisho la nyimbo nyingi za ibada ni neno kama amina, au milele. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na watunzi wazuri wanajua: -mi- inapanda au inajivuta, -na inatua. Inatua wapi? Mara nyingi kwenye do. Sauti ya kwanza, wale wamama walioimba tangu Jimbo la Ifakara halijazaliwa (limezaliwa 2012), wanaishika do hiyo kama mtu anayeshika mlingoti wa nyumba. Na wakati huohuo kinanda, chini yao kidogo tu, kinapiga ti.

Ti na do zimetenganishwa na nusu toni. Ni majirani ambao hata ukuta kati yao hakuna. Kwenye kodi, ti ikiwa juu kabisa na nafasi ikiwepo, mgongano huo ndio utamu wenyewe wa meja-saba. Lakini ti ikiwa chini na do ya mwimbaji juu yake, inakuwa kama mtu anayekunong'oneza "si hapo" sikioni wakati umeshakaa. Hii si siri ya wanajazi. Ni jambo ambalo mtu yeyote anayepanga muziki wa sauti anatakiwa alijue mapema: wimbo ukiwa kwenye do, saba ya meja iachwe, iwekwe sita. Video za mafunzo zinafundisha umbo la mkono. Ni chache zinazouliza mwimbaji yuko kwenye nota gani, kwa sababu kwenye video nyingi hakuna mwimbaji.

Nilikuwepo, baada ya misa katika kanisa ambalo sitalitaja, mama mmoja wa sauti ya kwanza alipomfuata kijana wa kinanda akiwa anakunja waya zake.

"Shikamoo mama," kijana akawahi.

"Marahaba mwanangu. Ile ya mwisho ulitupeleka wapi?"

"Ile ni meja naini, mama."

"Haya. Sasa kwenye hiyo naini yako, sisi tukae wapi?"

Kijana alicheka kwa heshima, na mama naye akacheka, yakaisha. Mimi sikucheka. Nimesoma uhakiki mwingi wa muziki na sikumbuki swali lililoingia ndani ya jambo kwa haraka namna hiyo. Kodi iliyonyambuliwa ina viti vingi. Swali la mhakiki ni kama mwenye wimbo amebakiziwa kimoja.

Miezi michache baadaye kwaya hiyo ikaenda kurekodi. Kabla ya kwenda, wamama watatu wa sauti ya kwanza waliombwa wapumzike. Hakuna aliyewatukana. Maneno yaliyotumika yalikuwa laini: wazee wetu wamefanya kazi kubwa, tuwaachie vijana, halafu wanashuka kidogo. Kushuka, kwa lugha ya kwaya, ni kuiacha nota na kwenda chini yake bila kujua. Na ni kweli walikuwa wanashuka, nilisikia kwa masikio yangu. Walikuwa wanashuka kwenye nyimbo zilizoishia kwa meja-saba, na walikuwa wanashuka kuelekea kwenye ile ti ambayo kinanda kiliwawekea chini ya miguu. Kwenye nyimbo za zamani, zile ambazo kijana alizipiga kwa kodi tatu kwa sababu hakuona faida ya kuzihangaikia, hawakushuka hata kidogo. Ninayo sauti ya mazoezi kwenye simu yangu. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko inavyofaa.

Rekodi iliyotoka ni nzuri kama pazia ni zuri. Sauti ni safi, changa, hazina mikwaruzo. Kinanda kinatandaza kodi zake pana, na maneno yanazama humo kama sukari. Nimejaribu kuandika maneno ya ubeti wa pili kwa kusikiliza tu, nikashindwa. Wimbo huohuo kwenye simu yangu, pamoja na jogoo, pikipiki na wamama watatu, naandika kila silabi.

Kuna jibu rahisi ambalo wazee wengine hulitoa hapa: kodi hizi ni za kigeni, zirudi zilikotoka. Silikubali hata kidogo. Kwanza, kodi tupu ya C, E na G nayo ilikuja na wageni. Wakapuchini wa Uswisi walifika nchini mwaka 1921, na bonde letu likawa eneo lao. Kinanda cha kukanyaga na nyimbo za sauti nne ni urithi wa kazi hiyo ya misioni. Ni katika nchi hiyohiyo ya Uswisi, mwaka 1963, kilipochapishwa kitabu cha padre Mtanzania, Stephen Mbunga, Church Law and Bantu Music. Mbunga ndiye aliyetunga Missa Baba Yetu, na alikuwa akijenga hoja kutoka ndani ya sheria za Kanisa kwamba muziki wa Kibantu una haki ya kuwa muziki mtakatifu. Desemba ya mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukapitisha Konstitusio juu ya Liturujia. Kifungu cha 119 kinataka muziki wa asili wa watu wa nchi za misioni upewe heshima na nafasi yake. Geuza jicho chini, kifungu cha 120, kinaisifu ogani ya mabomba. Nacheka kila nikivisoma pamoja, kwa sababu vifungu hivyo viwili ndivyo kwaya zetu zilivyo hadi leo: ngoma mkono mmoja, kinanda mkono wa pili, na mwalimu wa kwaya katikati akitafuta amani.

Pili, tisa si ngeni. Toka Kilombero, panda hadi Dodoma. Wataalamu wa muziki wa Afrika wameeleza kwamba skeli ya Wagogo inafuata mfululizo wa sauti za asili, zile zinazoelea juu ya sauti yoyote moja. Uzi mmoja wa zeze ukitetema, juu ya mtetemo wake kuna mwingine mara mbili yake, mara tatu, mara nne, na kuendelea. Chukua wa nne hadi wa tisa: do, mi, so, saba iliyo chini, do, re. Hiyo ni kodi ya tisa nzima, imelala ndani ya uzi mmoja kabla ya mtu kuzaliwa. Sikiliza ilimba na sauti ya marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, utaisikia. Ila angalia: saba ile ya Wagogo si ti ya meja. Iko chini zaidi, hata chini kidogo ya B flati ya piano, na hakuna ufunguo wowote wa kinanda unaoipiga. Ti ya meja kwenye mfululizo ule iko mbali, mtetemo wa kumi na tano. Kwa lugha nyingine, re ni ndugu wa karibu wa do. Ti ni mgeni wa kuhemewa, anapokelewa kwa maandalizi.

Tatu, sita. Hii haihitaji hata Wagogo. Weka sahani za zamani za dansi, Fundi Konde wa pwani ya Kenya, au bendi za Morogoro, mkoa wetu huuhuu, Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, halafu sikiliza gitaa zinavyoizungukia la. Ile hali ya kutabasamu bila kuonyesha meno, mara nyingi ni la iliyokaa kwenye kodi ya meja.

Kwa hiyo swali langu silo kodi hizi zimetoka wapi. Ni lilelile la imbisha: kiambishi kinafanya kazi gani?

Hebu tuirudie ile amina. Badala ya C meja-tisa yenye ti ndani, piga sita-tisa. Mkono wa kushoto C na G. Mkono wa kulia E, A, D. Jaribu sasa hivi kama una kinanda karibu. Nota tano: do, re, mi, so, la. Si bahati kwamba hizo ndizo nota tano za nyimbo nyingi tulizolelewa nazo. Skeli ya sauti tano yote imeshushwa chini kwa mara moja na kuwa kodi. Hakuna nusu toni hata moja ndani yake. Mama akiwa kwenye do ana kiti, akiwa kwenye mi ana kiti, akiteleza hadi re au la anakuta mtu wa nyumbani. Na bado ni kodi pana, ya kisasa, kijana anaweza kuipiga Jumamosi kwenye harusi bila kuona aibu. Kwa masikio yangu ni nzuri kuliko meja-tisa, lakini hapo ninasema kama mtu, si kama mhakiki.

Isieleweke kwamba naichukia ti. Erik Satie, Mfaransa, aliandika Gymnopédie ya kwanza mwaka 1888, na wimbo mzima unaanza kwa kodi mbili za meja-saba zinazopokezana, G halafu D, kama mtu anayetembea bila haraka. Kwanza tazama alivyozijenga: besi ya G, juu yake B, D na F shapu, ambayo ni kodi ya B maina. Ni ujanja uleule wa kijana wetu wa Ifakara, maina mgongoni, besi ngeni chini. Halafu tazama sauti ya kwanza inapoingia, kwenye kipimo cha tano. Nota yake ya kwanza ni F shapu. Hiyo ndiyo saba yenyewe. Satie hakuiweka ti chini ya mwimbaji imsumbue. Alimpa mwimbaji ti aimbe. Saba imekuwa kiti badala ya mwiba. Na ameacha nafasi, mikono iko mbali, hakuna kinachonguruma. Miaka zaidi ya mia imepita na bado ni usomaji mzuri wa meja-saba kuliko mwingi ninaousikia.

Na usomaji mzuri upo hukuhuku pia, si Ufaransa tu. Ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga, baada ya Daraja la Magufuli, nilihudhuria mazishi ambako kwaya ya kigango iliimba wimbo unaomwita marehemu msafiri. Mpiga kinanda alikuwa binti wa kama miaka kumi na tisa, spika moja, umeme wa jenereta. Ubeti wa kwanza wote alishika C na G tu. Hakuna mi. Kodi isiyo na mi haijasema kama ni furaha au huzuni, na watu walikuwa bado wanafika. Ubeti wa pili, kwenye neno safari, akaongeza re juu. C, G, D, mwanga mweupe, mlango uliofunguliwa na hakuna aliyeingia. Mi aliiweka mara moja, ubeti wa mwisho, silabi ya -mba- katika neno nyumbani. Watu waliokuwa wamejizuia walilia hapo. Kodi yake nzima, ukiihesabu, ilikuwa C, G, D, E: meja yenye tisa, bila saba, kitu ambacho mwanafunzi anajifunza wiki ya pili. Lakini kila nota ilingoja neno lake.

Nilimfuata kumuuliza alikojifunza. Akanijibu kwamba spika yao ikipigwa kodi nene inakoroma, kwa hiyo alizoea kupunguza. Sawa, labda ni spika. Lakini spika haichagui silabi. Na kama ni umaskini wa vifaa uliomfundisha, basi jambo hilo linatuambia kitu kuhusu vinanda vikubwa vinavyokuja na vitufe vya kodi zilizopikwa tayari: unabonyeza kidole kimoja, kinatoka kitu kinene chenye nota sita. Chakula hicho hakijaulizwa nani anakula.

Kuna mtu ataniambia ninawabebesha wapiga vinanda mzigo wa walimu wa kwaya. Kuna ukweli. Mwalimu wa kwaya ndiye mwenye kalamu. Yeye huandika nota kwa sauti nne, na mara nyingi huishia hapo, sehemu ya kinanda anamwachia kijana "ajaze". Neno hilo, kujaza, ndilo tatizo la nusu nzima. Ukimwambia mtu ajaze, atajaza. Angeambiwa aimbishe, angetafuta kwanza nani anaimba.

Rekodi ile ilitoka na inasambaa kwenye simu, ina watu wengi wanaoipenda, na mimi siwezi kuwaambia wasiipende. Wamama watatu bado wanakuja mazoezi ya Jumatano. Wawili wanakaa benchi la nyuma. Yule aliyeuliza swali anakaa mbele, na nimemwona mwezi huu akiimba hadi mwisho wa wimbo bila kugeuza shingo kuangalia kinanda.

Kijana naye amebadilisha daftari lake. Zamani lilikuwa na safu mbili, jina la wimbo na ufunguo wake. Sasa lina ya tatu, ameichora kwa rula na kalamu nyekundu: nota ya mwisho ya sauti ya kwanza. Aliniruhusu kulipekua. Nyingi ni do. Chache ni mi. Wimbo mmoja tu unaishia so, wa Noeli, na pembeni yake ameandika: hapa saba ruksa.